Uchungu Hauharakishwi, Safari Huandaliwa

Wiki mbili za mwisho za ujauzito zina swali lake, nalo ni "Bado tu?" Mama mkwe analiuliza kwa simu, wifi analiuliza kwa ujumbe, jirani aliyekuja kuazima kinu analiuliza mlangoni, na mjamzito mwenyewe, miguu imechoka na usingizi umekatika tangu saa nane za usiku, huanza kujiuliza kama kuna kitu anachokosea. Hapo ndipo ushauri unapomiminika: apande ngazi, anywe supu ya pilipili, achemshiwe mizizi. Nguvu ya nyumba nzima inaelekezwa kwenye jambo moja, uchungu uanze lini. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba nguvu hiyo inapotea bure, na wakati mwingine inaua. Hakuna mtu nyumbani anayeweza kuuamuru uchungu uanze bila kumhatarisha mama au mtoto. Lakini karibu kila nyumba inaweza kuamua, kwa sehemu kubwa, uchungu ukianza mama awe wapi, awe na nani, na achukue muda gani kufika mikononi mwa mkunga. Hilo la pili limo ndani ya uwezo wetu, na ndilo tunaloliacha mpaka usiku wa dharura.

Tuanze na tarehe, maana ndiyo inayozaa wasiwasi mwingi. Tarehe ya matazamio inayoandikwa kwenye kadi ya kliniki hutokana na hesabu nyepesi iliyoenezwa na daktari Mjerumani, Franz Naegele, mwanzoni mwa karne ya 19: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha miezi 9. Aliyeanza kuona siku zake tarehe 10 Machi ataandikiwa 17 Desemba. Hesabu hiyo inachukulia kuwa mzunguko wa kila mwanamke ni wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 ameshika mimba wiki moja baadaye kuliko hesabu inavyodhani, kwa hiyo siku yake hasa ni 24 Desemba, na katika wiki hiyo nzima ndugu watasema amepitiliza ilhali mtoto hajatimiza siku zake. Mwingine alishika mimba akiwa ananyonyesha, hedhi haijakaa sawa. Mwingine alikuwa ametoka kwenye sindano za uzazi wa mpango. Mwingine anakumbuka tu kwamba ilikuwa karibu na mfungo. Wote wanaandikiwa siku na mwezi kwa wino uleule, na wino huo huwafanya waamini kitu ambacho muuguzi mwenyewe anajua ni makadirio.

Ultrasaundi husaidia, lakini kwa sharti la kufanywa mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apigwe angalau moja kabla ya wiki ya 24, kwa sababu mimba changa hukua kwa mwendo unaofanana kwa watoto wote na umri wake husomeka vizuri. Kipimo cha mwezi wa nane kinaweza kupishana na ukweli kwa wiki mbili au hata tatu, kwa kuwa kufikia hapo kila mtoto ana umbo lake. Anayepata tarehe mpya kutoka kwenye kipimo cha juzi, huku ya zamani ilitoka kwenye kipimo cha mwezi wa tatu, ashike ya zamani. Ni hasara kwamba kwa takwimu za kitaifa za Tanzania za mwaka 2022 ni takriban theluthi moja tu ya wajawazito waliohudhuria kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Wengine wanaingia kwenye wiki za mwisho bila kujua kwa hakika wako wapi. Na hata tarehe ikiwa sahihi kabisa, ni kama mtoto mmoja kati ya 20 anayezaliwa siku hiyohiyo. Mimba huhesabiwa kuwa imetimia kuanzia wiki ya 37, na uzazi wa kawaida unaweza kuja siku yoyote katika wiki nne au tano zinazofuata. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mdogo na haugharimu kitu: usimtajie mtu siku. Waambie ndugu "mwishoni mwa mwezi" au "baada ya Krismasi," na siku yenyewe ibaki kati yako, mwenzako na kadi yako.

Kwa nini uchungu haupangiki? Kwa sababu anayeuanzisha kwa sehemu kubwa ni mtoto mwenyewe, akishirikiana na kondo la nyuma. Mapafu yake yanapokaribia kukomaa na tezi zake kuanza kufanya kazi, kemikali kutoka kwake na kutoka kwenye kondo hubadilisha homoni za mama taratibu. Mlango wa kizazi, ambao kwa miezi yote ulikuwa mgumu kama ncha ya pua, huanza kulainika na kufupika, na misuli ya kizazi huanza kuitikia homoni ya oksitosini ambayo wiki mbili nyuma isingeijali. Maandalizi haya huchukua siku nyingi na mengi hayaonekani. Yanayoonekana ndiyo yanayomchanganya mtu: tumbo kushuka, mgongo kuuma, ute mzito wenye michirizi ya damu ambao unaweza kutoka siku kadhaa kabla, na ile mikazo ambayo huja jioni, ikamfanya mume atafute bodaboda, kisha ikapotea usiku kucha. Daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliieleza mikazo hiyo mwaka 1872 na bado inabeba jina lake. Wakunga wetu huiita uchungu wa uongo. Jina hilo linamwonea mama, maana mikazo hiyo inaumiza kweli, na si ajabu akahisi kafanyiwa mzaha na mwili wake. Tofauti ni kwamba haifuati mpango. Akibadilisha mkao, akaoga maji ya uvuguvugu, akanywa maji na kulala kwa ubavu, hupungua. Uchungu wenyewe haupungui kwa kuoga.

Wiki hizo za mwisho zina faida kwa mtoto pia, jambo ambalo husahaulika mama anapochoka. Ubongo wa mtoto wa wiki 35 una uzito wa kama theluthi mbili tu za ule atakaozaliwa nao akitimiza miezi yake. Kinga za mama dhidi ya magonjwa huvuka kwa wingi kuelekea kwa mtoto katika kipindi hiki, na madini ya chuma hujazwa akiba. Ndiyo maana madaktari wanaojali hawakubali kupanga upasuaji usio na sababu ya kitabibu kabla ya wiki ya 39: watoto waliotolewa mapema zaidi hupata shida ya kupumua mara nyingi kuliko waliongojewa.

Sasa tufike kwenye dawa na mbinu za kuharakisha. Si zote zina uzito mmoja, na ni kosa kuzikemea kwa pamoja. Tende, kwa mfano, hazina ubaya kwa mjamzito asiye na kisukari. Watu wa Pwani wanajua kuwa Surat Maryam inamtaja Maryam akiambiwa atikise shina la mtende uchungu ulipomshika, na mwaka 2011 watafiti wa Jordan walichapisha matokeo ya wanawake 69 waliokula tende sita kwa siku katika wiki nne za mwisho, wakilinganishwa na 45 ambao hawakula: asilimia 96 ya wa kwanza walianza uchungu wenyewe, dhidi ya asilimia 79 ya wa pili. Inavutia, lakini ni kikundi kidogo, na wanawake hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo haithibitishi mengi. Ale kwa kuwa ni chakula kizuri. Kutembea jioni ni vizuri kwa mzunguko wa damu na kwa usingizi, mradi asitembee hadi kuishiwa nguvu atakazozihitaji kesho. Tendo la ndoa halina madhara kama chupa haijapasuka, hakuna damu na daktari hajalikataza, ila tafiti hazijaonyesha waziwazi kwamba linaleta uchungu. Mafuta ya nyonyo ni habari nyingine: yanaharisha na kutapisha, na mama anayeingia leba akiwa ameishiwa maji mwilini anaanza kazi ngumu kuliko zote akiwa tayari amechoka.

Kinachotisha ni mizizi na majani ya kuongeza uchungu, na vidonge vya misoprostoli vinavyonunuliwa kimyakimya dukani. Wengi hudhani hatari ya dawa za kuchemsha ni kwamba hazifanyi kazi. Watafiti waliochunguza mimea ya namna hii katika nchi kadhaa za Afrika wamekuta kwamba mingine hukaza kweli misuli ya kizazi, na hapo ndipo penye balaa. Katika uchungu wa kawaida, kizazi hukaza kisha kikalegea, na katika ule mlegeo ndipo damu inapopita kwenye kondo na mtoto anapopata hewa. Kizazi kilichokazwa na dawa isiyo na kipimo hakilegei vya kutosha. Mtoto hukosa hewa, hujisaidia tumboni, maji ya chupa yakawa ya kijani. Na kwa mama aliyewahi kupasuliwa au aliyezaa mara nyingi, kizazi chenyewe kinaweza kupasuka. Misoprostoli hutumika hospitalini kuanzisha uchungu na inafanya kazi vizuri, lakini kidonge kimoja cha kawaida kina dawa mara nane ya dozi moja ndogo ya kumeza inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa kazi hiyo. Mtu anayekimeza kizima nyumbani, hakuna wa kusikiliza moyo wa mtoto wala chumba cha upasuaji karibu, ameuweka uhai wa watu wawili rehani.

Atasema bibi, na ana haki ya kusema, kwamba yeye alichemshiwa dawa hiyohiyo, akazaa watoto saba salama. Hoja hii inastahili jibu la heshima. Mjamzito wa wiki 40, akinywa chochote, hata maji ya mtungini, ana uwezekano mkubwa wa kushikwa na uchungu ndani ya wiki moja, kwa sababu siku zake zimefika. Alichokunywa mwisho ndicho kitakachosifiwa. Aliyekunywa na asipate uchungu hatajwi, na aliyefariki hayupo kusimulia. Bibi anajua mambo mengi ambayo vitabu vimechelewa kuyakubali: kumkanda mama mgongo, kumpa uji mwepesi, kumtuliza kwa sauti, kukaa naye. Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza kila mwanamke awe na mtu anayemtaka pembeni yake wakati wa uchungu. Huyo bibi anahitajika sana, mikono yake ikiwa kwenye mgongo wa mjukuu na si kwenye sufuria ya mizizi. Na kwa kuwa si kila kituo kinaruhusu ndugu kuingia leba, ni vyema kuuliza kliniki mapema utaratibu ukoje.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na linatoka upande wa sayansi. Kama tunamwambia mama asubiri, je, kusubiri hakuna hatari? Kuna. Kondo la nyuma halikuumbwa kudumu, na baada ya wiki ya 40 uwezekano wa mtoto kufia tumboni huzidi kupanda, ingawa kwa mtu mmoja mmoja unabaki mdogo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliojumlisha mimba milioni 15 hasa katika nchi tajiri, ulikadiria kwamba kuendelea kutoka wiki ya 40 hadi ya 41 huongeza kifo kimoja cha mtoto tumboni kwa kila wanawake 1,449. Mwaka huohuo watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya jaribio walilolisitisha kabla ya wakati: kati ya wanawake 2,760, waliopangiwa kuanzishiwa uchungu wiki ya 41 hawakupoteza mtoto hata mmoja, na katika kundi lililosubiri hadi wiki ya 42 walifariki watoto sita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aanzishiwe uchungu akitimiza wiki 41. Kwa hiyo subira ninayoitetea ina mwisho, na mwisho huo umeandikwa kwenye kalenda: siku ya saba baada ya tarehe ya matazamio, kama uchungu haujaja, mama awe ameonwa na daktari au mkunga katika kituo chenye uwezo wa kumwanzishia, hata kama anajisikia mzima wa afya. Mwenye presha, kisukari, mapacha, mtoto aliyekaa vibaya au kovu la upasuaji, mpaka wake ni wa mapema zaidi, na atapewa na daktari wake. Hawa wote kujifungulia zahanati ya kijijini kusiwe hata na mjadala.

Wapo pia, hasa mijini, wanaouliza kwa nini wasipange tu: wiki ya 39, siku ya mapumziko, uchungu uanzishwe na mambo yaishe. Wanaweza kutaja utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 uliowahusisha wanawake zaidi ya 6,000 wa mimba ya kwanza wasio na matatizo, ambapo walioanzishiwa uchungu wiki ya 39 waliishia kupasuliwa kwa asilimia 18.6, na walioachwa wasubiri kwa asilimia 22.2. Utafiti huo ni wa kweli na umefanywa vizuri. Lakini wanawake wale walijua umri wa mimba zao kwa vipimo vya mapema, na walikuwa katika hospitali ambazo moyo wa mtoto ungeweza kufuatiliwa kwa mashine saa zote. Kuanzisha uchungu kunaweza kuchukua siku mbili za kitanda, mkunga na ufuatiliaji. Katika wodi ambayo mkunga mmoja anahudumia kina mama wengi kwa zamu, faida ile inaweza kuyeyuka. Mwenye daktari anayemfahamu, tarehe ya uhakika na hospitali yenye wafanyakazi wa kutosha, na azungumze naye; hakuna ubaya. Bado uamuzi ni wa kituoni, na haumpi mtu ruhusa ya kufanya hivyo nyumbani.

Tukishakubaliana hivyo, zinabaki siku zenyewe, na swali la kuzitumia vipi. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba wanawake hufa kwa uzazi kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kuchelewa kwa tatu ni deni la serikali na hospitali, nalo lidaiwe. Mara mbili za kwanza zinaanzia sebuleni, na dawa yake ni kufanya maamuzi kabla ya uchungu. Kwamba hili linawezekana inaonekana kwenye takwimu: kati ya tafiti za kitaifa za Tanzania za 2015/16 na 2022, wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81, na makadirio ya vifo vya uzazi yakashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Mambo mengi yalichangia kushuka huko, lakini hakuna hata moja lingemsaidia mwanamke asiyefika kituoni.

Ruhusa ndiyo ya kwanza, na ni ngumu kuliko pesa. Katika nyumba nyingi mjamzito haondoki mpaka mume aseme, na mume yuko ziwani akivua, yuko barabarani na lori, au simu yake imezima. Mama mkwe anasita kuamua asije akalaumiwa kwa gharama. Saa mbili zinapotea hapo, na mwanamke anayevuja damu anaweza asiwe na saa mbili. Baba, ruhusa hii itoe leo, mbele ya mama yako na mbele ya mkeo, kwa maneno yasiyo na shaka: akisema anakwenda, aende, saa yoyote, na pesa iko mahali fulani. Kisha hiyo pesa iwepo kweli. Sera inasema huduma ya uzazi katika vituo vya serikali ni bure, lakini anayejua hali ilivyo hufika na glavu, mpira wa kutandika, pamba, kibanio cha kitovu, nyembe mpya na kanga safi kadhaa. Begi la vitu hivyo likae karibu na mlango kuanzia mwezi wa nane, kadi ya kliniki ikiwa juu kabisa, kwa sababu usiku huo hakuna atakayekumbuka ilipo. Watafutwe pia ndugu wawili wenye afya walio tayari kuchangia damu. Ndugu huliona hili kama uchuro, wakati kutokwa damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayoua kina mama wengi zaidi, nako hutokea hata kwa aliyezaa vizuri.

Halafu kuna umbali. Kwa anayekaa Ilala au Mombasa mjini, hospitali iko dakika chache kama hakuna foleni. Kwa anayeishi kwenye visiwa vya Ziwa Victoria au katika delta ya Rufiji, safari hutegemea boti, upepo na maji kujaa. Kwa wengine hutegemea kama mto una daraja mvua za masika zikishika. Mtu wa mahali kama hapo asisubiri uchungu nyumbani. Ahame wiki mbili kabla. Baadhi ya hospitali za wilaya na vituo vya afya vina nyumba za kusubiria wajawazito, sehemu nyingine huziita chigonela, ambako mama hukaa karibu na leba akapikiwa na ndugu au kujipikia. Pasipo nyumba hiyo, shangazi au rafiki anayekaa karibu na hospitali anatosha. Nasikia jibu linalokuja: nani atabaki na watoto, nani atapalilia, nani atalisha kuku? Ni swali la haki, na ndilo linalowazuia wanawake wengi kuliko ukaidi. Lakini ni swali la kulijibu mwezi wa saba, kwa kikao cha familia, mdogo wa mjamzito au wifi akaombwa rasmi. Nyumba itakayompoteza mama itawatafutia watoto hao mlezi wa miaka mingi. Wiki mbili zinawezekana.

Tanzania sasa ina mfumo wa m-mama, ambapo mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye dharura hupelekwa hospitali kwa kupiga namba 115 bila malipo, na pasipo gari la wagonjwa hutumwa dereva wa eneo hilo anayelipwa na mfumo. Ni msaada mkubwa. Ila umewekwa kwa dharura, kwa hiyo usiwe ndio mpango wako pekee wa safari. Ongea na dereva wa bajaji au bodaboda wawili wanaokaa jirani na kulala na simu zikiwa wazi. Wawili, kwa sababu mmoja atakuwa amesafiri.

Wakati wa kusubiri, kazi moja haiwezi kufanywa na mwingine yeyote, nayo ni kumsikiliza mtoto. Imeenea imani kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, anapumzika. Imani hii imegharimu maisha ya watoto wengi ambao wangeweza kuokolewa. Nafasi inapobana, mateke hubadilika yakawa kama kujinyoosha na kujisukuma, lakini kucheza hakupungui mpaka uchungu uanze na hata ukiwa umeanza. Kila mtoto ana saa zake. Wengi huchangamka jioni mama akiketi. Ukiona leo hajawa kama jana, kunywa kitu, lala ubavu wa kushoto, usishike simu, mhesabu kwa saa mbili. Kama hakufikisha mara 10, au moyo wako bado hautulii, nenda kituoni usiku huohuo. Asubuhi ni mbali. Na unapolala, lala kwa ubavu: kulala chali miezi ya mwisho hukandamiza mshipa mkubwa wa damu, na tafiti zimehusisha kulala hivyo na watoto kufia tumboni.

Yapo mengine yasiyosubiri kuhesabiwa: damu inayotoka kama hedhi, kichwa kuuma kusikoisha, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali chini ya mbavu, homa, degedege. Chupa ikipasuka bila uchungu, kama inavyowatokea takriban asilimia 8 ya wanawake waliotimiza miezi, vaa pedi safi, angalia rangi ya maji, usiingize kitu ukeni, uende ukapimwe. Yakiwa ya kijani au yana damu, ondoka papo hapo.

Uchungu wenyewe ukija, weka mkono juu ya tumbo na simu mkononi. Tumbo likianza kuwa gumu, tazama saa. Likilegea, tazama tena. Kisha hesabu tangu mkazo ulipoanza hadi unaofuata uanze. Mimba ya kwanza, kwa anayekaa karibu na hospitali, aweza kubaki nyumbani akila na kupumzika mpaka mikazo iwe kila dakika tano au chini, kila mmoja ukikaribia dakika nzima, kwa muda wa saa moja. Aliyekwisha kuzaa aondoke mapema zaidi, maana wa pili na wa tatu huwa na haraka. Anayetoka mbali aondoke na dalili ya kwanza. Ataogopa kurudishwa, kwamba atafika, apimwe, aambiwe njia imefunguka sentimita mbili na arudi nyumbani. Aibu ya kurudishwa imewafanya wanawake wengi wasubiri hadi wakazalia njiani. Kipindi cha mwanzo, kabla njia haijafika sentimita 5, kinaweza kuchukua siku nzima au zaidi kwa mimba ya kwanza, na hakuna mkunga wala mama awezaye kukitabiri. Kurudishwa maana yake umepimwa, moyo wa mtoto umesikilizwa, na presha yako inajulikana. Ukiambiwa bado na kwenu ni mbali, usirudi kwenu. Mwambie muuguzi unakotoka, uombe mahali pa kusubiria, utembee kwenye kivuli cha hospitali. Ukirudishwa mara tatu, rudi tena mara ya nne.

Kama ndani ya nyumba yako kuna mjamzito aliyevuka wiki ya 36, kabla ya kulala leo mjibu maswali haya kwa sauti, yeye akiwa amekaa hapo: tarehe yake ya wiki ya 41 ni lini, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto, namba za madereva wawili ni zipi, pesa iko wapi. Lisilo na jibu lishughulikiwe kesho asubuhi.